Oveni ya Maikrowevu Inayopika Haraka: Jua Unachonunua Kabla Hujabonyeza PIN

Ijumaa moja jioni mteja wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Embakasi, alipigia simu dawati letu la huduma. Alikuwa ameona oveni kwenye mtandao wa kijamii. Tangazo lilisema inachoma kuku kwa dakika thelathini na tano, inaoka keki na inapasha chakula, yote ndani ya sanduku moja. Dukani aina hiyo alikuwa ameiona ikiuzwa shilingi 32,000. Huyu muuzaji wa mtandaoni alikuwa akiitoa kwa 15,000, "ofa ya mwisho wa mwezi". Aliambiwa atume shilingi 6,500 za kushikilia mzigo, kwa nambari ya simu ya kawaida. Akatuma. Robo saa baadaye, simu ya muuzaji ikawa haishikiki tena.

"Dada, nimeibiwa, sivyo?" alimuuliza mhudumu wetu.

"Mwalimu, nisikufiche, dalili ni hizo."

Tulijaribu kurudisha muamala, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Tukamwelekeza aripoti polisi, nasi tukachukua maelezo yote. Kabla hajakata simu, akauliza swali jingine: "Na hata kama ingefika, ingenifaa kweli? Ama ningekuwa nimenunua saa ya ukutani ya bei ghali?"

Hilo swali la pili ndilo limetufanya tuandike makala haya. Mara nyingi tunawaambia wateja wetu wajihadhari na matapeli, na ni kweli wajihadhari. Lakini pesa hupotea pia dukani kihalali kabisa, risiti ikiwa mkononi, pale mtu anaponunua kitu ambacho hakifai nyumba yake. Basi leo tutaangalia yote mawili: oveni yenyewe, na namna ya kuilipia.

Kwanza, hii "kupika haraka" ni nini?

Maikrowevu si kitu kipya. Mwaka wa 1945 mhandisi Mmarekani, Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, aligundua kwamba mawimbi ya mitambo ya rada yanaweza kupasha chakula. Mashine za kwanza zilizouzwa zilikuwa na kimo cha mtu mzima. Hii tuliyo nayo leo juu ya kabati inafanya kazi kwa njia ileile: mawimbi yanapenya chakula kwa sentimita chache, yanatikisa maji yaliyomo, na mtikisiko huo unakuwa joto. Ndiyo maana wali unapata moto kwa dakika mbili huku kuta za ndani za mashine zikibaki karibu baridi.

Lakini kuna jambo mawimbi hayawezi. Chakula chenye maji hakipiti sana kiwango cha joto cha maji yanayochemka. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wetu, maji huchemka kwenye nyuzi kama 95. Nyama au unga ili upate ile rangi ya kahawia na harufu ya kuokwa, juu yake panahitaji joto la nyuzi kama 140 na zaidi. Kwa hivyo kuku wa maikrowevu ya kawaida anaiva, lakini anatoka mweupe kama amechemshwa. Mgeni akimwona atakula, lakini hatauliza amepikwaje.

Oveni ya kupika haraka inatatua shida hiyo kwa kuchanganya moto. Mawimbi yanaivisha ndani, na wakati huohuo grili ya juu, au hewa moto inayosukumwa na feni, inakausha na kupaka rangi nje. Huko Marekani kampuni ya GE ilileta oveni ya nyumbani ya namna hii mwaka wa 1999, ikitumia taa za halojeni pamoja na mawimbi. Katika maduka yetu, utakayoikuta zaidi ni ile ya mawimbi, grili na hewa moto.

Kwa hivyo ukisimama mbele ya rafu, soma boksi hivi:

Likiandikwa "Solo", ni mawimbi peke yake. Inapasha, inayeyusha barafu, inapika viazi na mboga. Haiokì na haichomi.

Likiandikwa "Grill", kuna mawimbi na moto wa juu. Itakupa toast, itakausha samosa ya jana na kukaanga ngozi ya kuku kidogo. Keki usiitegemee.

Likiandikwa "Convection", kuna feni na hewa moto. Hiyo inaoka.

Usiishie hapo. Mwambie muuzaji akuonyeshe kitufe cha kupika kwa pamoja, yaani mawimbi na hewa moto kwa wakati mmoja. Hapo ndipo haraka inapotoka. Bila kitufe hicho umenunua mashine mbili ndani ya boksi moja, kila moja ikifanya kazi kwa zamu. Na usichanganye na "air fryer". Ile ni hewa moto tu, haina mawimbi. Ni nzuri kwa chipsi na vipande vya kuku, lakini wali wa jana itaukausha.

Andika unachopika, si unachotamani

Tulimpa yule mwalimu kazi ya nyumbani, naye akacheka kwamba siku hiyo yeye ndiye mwanafunzi. Kwa wiki moja aandike kila mara anapowasha jiko na anachopika. Fanya hivyo na wewe. Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji inatosha.

Ukiona orodha yako imejaa githeri, maharagwe, ndengu, ugali na chapati, tutakuambia wazi: oveni hii haitakusaidia sana. Maharagwe makavu yanahitaji muda ndani ya maji, na mawimbi hayafupishi muda huo kwa maana. Sufuria ya presha ndiyo itakayookoa gesi yako, na kwa bei ya chini sana. Ugali unataka mkono na mwiko. Chapati inataka kikaango.

Ukiona umeandika kupasha, kupasha, kupasha, yaani chakula cha watoto wakitoka shule, chai iliyopoa, mboga ya jana, basi unahitaji maikrowevu ya kawaida ya lita 20. Usimruhusu mtu akupandishe bei kwa feni ambayo hutaiwasha.

Lakini kama kuna kuku wa Jumapili, samaki mzima, viazi vya kuoka, mikate, keki za kuuza au pizza ya watoto, na huna oveni nyingine, hapo oveni ya kupika haraka inaanza kujilipa. Kuku mzima wa kilo moja na robo ambaye oveni ya kawaida ingemchukua zaidi ya saa moja, ukiongeza na muda wa kuipasha kwanza, hii inaweza kumtoa kwa takriban nusu ya muda huo. Kiazi cha kiasi kinaiva ndani kwa dakika tano au sita, kisha dakika chache za hewa moto zinakipa ganda.

Keki ni hadithi nyingine. Wengi hudhani kila kitu kitapikwa haraka. Keki ikipigwa mawimbi mengi inapanda kwa fujo, halafu inakuwa ngumu kama sifongo kavu. Keki nzuri ndani ya oveni hizi huokwa kwa hewa moto peke yake, na itachukua karibu muda uleule wa oveni ya kawaida. Ukinunua kwa ajili ya keki, unanunua uwezo wa kuoka. Usitarajie haraka.

Pima pia vyombo vyako. Mashine nyingi zina sahani ya kioo inayozunguka, na chombo kisichoweza kuzunguka bila kugonga kuta hakitakufaa. Beba kipimo cha treya yako ya keki uende nacho dukani. Kwa familia ya watu wanne au watano, lita 25 hadi 30 ndizo zinazomeza kuku mzima bila kubanana. Na nyumbani pima nafasi: mashine inahitaji kupumua pembeni, nyuma na juu. Kijitabu chake kitakuambia sentimita ngapi. Ukiibana ndani ya kabati, joto halina pa kutokea.

Wati mbili, maana mbili

Hapa ndipo wauzaji wengi huwachanganya watu, wakati mwingine bila kukusudia. Boksi linaandika wati 800 au 900. Hizo ni wati zinazoingia kwenye chakula. Wati zinazotoka kwenye soketi yako ni nyingi zaidi, kama 1,300 hadi 1,500, kwa sababu sehemu ya stima hupotea kama joto ndani ya mashine yenyewe. Ukiwasha hewa moto, mashine inaweza kuvuta 2,000 hadi 2,500. Nambari ya kweli iko kwenye kibandiko cha nyuma. Iombe, isome, ipige picha.

Sasa tupige hesabu ya tokeni. Bei ya yuniti hubadilika kila mwezi na hutegemea kundi lako, kwa hivyo tuchukue shilingi 30 ili hesabu iwe rahisi. Wewe weka bei yako: chukua pesa ulizolipa mara ya mwisho, gawanya kwa yuniti ulizopata.

Kupasha sahani ya chakula, dakika mbili kwa wati 1,400: ni sehemu ndogo sana ya yuniti, karibu 0.047. Hiyo ni kama shilingi moja na nusu. Kwa kazi hii, maikrowevu haina mpinzani mkubwa.

Kuku wa kupika kwa pamoja, dakika 35 kwa wati 2,000: hazidi yuniti 1.2, yaani kama shilingi 35.

Keki ya hewa moto, dakika 50 pamoja na kuipasha kwanza, kwa wati 2,200: mashine ingewaka muda wote bila kupumzika ingekuwa yuniti 1.8. Lakini ikifika joto lake inajizima na kujiwasha, kwa hivyo matumizi halisi yanaweza kushuka hadi karibu yuniti 1.2.

Na kuna mwizi mdogo ambaye wengi hawamjui: ile saa ya mbele inayong'aa mchana na usiku. Ikivuta wati tatu tu, kwa mwezi ni zaidi ya yuniti mbili, kama shilingi 65. Hizo zingepasha sahani zaidi ya arobaini. Soketi zetu nyingi zina swichi ukutani. Ukimaliza kupika, izime. Saa unayo kwenye simu.

Kuna jambo lingine la tokeni ambalo ni zito zaidi. Katika viwango vya stima vilivyoanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani waliwekwa katika makundi matatu kulingana na matumizi ya mwezi: wasiozidi yuniti 30, walio kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100. Kundi la chini ndilo lenye bei nafuu. Maana yake ni hii: nyumba inayotumia yuniti 26 kwa mwezi ikiongeza keki mbili kila wiki, inaongeza karibu yuniti 10 na kufika 36. Hapo hailipii zile 10 tu. Ikihamishwa kundi, inalipa bei ya juu kwa zote 36, pamoja na zile za taa na za kuchaji simu. Kama unaoka kwa ajili ya kuuza, gharama hiyo iingie kwenye bei ya keki tangu siku ya kwanza. Usije ukauza mwezi mzima ukidhani unapata faida, kumbe unamlipia mteja stima.

Soketi, waya na mwenye nyumba

Soketi yetu ya kawaida ya pini tatu ni ya ampia 13. Kwa volti 240, inaweza kubeba wati kama 3,000. Kwa hivyo oveni ya wati 2,200 inafaa kwenye soketi ya ukutani, mradi iko peke yake. Tatizo linaanza unapoichomeka kwenye waya wa nyongeza pamoja na birika la stima. Birika peke yake linaweza kuvuta wati 2,000 au zaidi. Waya mwembamba wa bei ya chini unapata moto, plastiki inalainika, na mtu anasikia harufu wakati moto umeshaanza kwenye pazia. Oveni ichomekwe ukutani moja kwa moja.

Kifaa cha kulinda dhidi ya stima inayopanda na kushuka ni kizuri, hasa kwa mitaa ambako stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Lakini usihamishe kile cha friji bila kusoma. Kikiandikwa ampia 5, kinabeba wati 1,200 peke yake. Oveni hii inataka cha ampia 13.

Ukiwa nyumba ya kupanga, uliza kwanza. Kuna ploti ambazo wapangaji hutumia mita ndogo za mwenye nyumba, kila mmoja akilipa kwa bei aliyoiweka yeye, na kuna ambazo vyombo vikubwa vya stima vimekatazwa kabisa. Waya za nyumba nyingine ni za zamani, zilitandazwa wakati wapangaji walikuwa na balbu na redio. Mpe fundi wa stima aliyesajiliwa nafasi ya kuangalia soketi ya jikoni kabla hujanunua. Atakachokutoza ni kidogo kuliko kurudisha oveni.

Ya kutoka ng'ambo, na ya mtumba

Kama una ndugu Marekani anayetaka kukutumia oveni, mshukuru, lakini mwambie asitume. Stima ya huko majumbani ni ya volti 120, yetu ni 240. Ukiichomeka hapa itaungua mara moja. Hata ukinunua kibadilishaji kikubwa cha kushusha volti, mzunguko wa stima yao ni hezi 60 na wetu ni 50, na maikrowevu nyingi huteseka kwa tofauti hiyo. Atume pesa, ununue hapa. Za kutoka Uingereza zina volti na pini zinazofanana na zetu, na ndiyo maana zimejaa kwenye maduka ya mtumba.

Ukinunua ya mtumba, usikubali kuona taa ikiwaka tu. Beba kikombe. Tia maji ya kawaida robo lita, weka kijiko cha mbao ndani, washa kwa nguvu zote dakika mbili. Mashine nzima ya wati 800 itayafanya yawe moto sana, yakaribie kuchemka. Yakitoka vuguvugu, kifaa kinachotoa mawimbi kimechoka, na kukibadilisha kunaweza kukaribia bei ya mashine nyingine. Kisha fungua na ufunge mlango mara kadhaa. Ufunge sawasawa, usicheze, usiwe umepinda wala kupasuka. Mlango ndio unaozuia mawimbi yasitoke. Wenye kasoro, achana nao hata ukipewa bure.

Na oveni ikiharibika, usiifungue mwenyewe wala usimpe kijana wa kutengeneza redio. Ndani kuna kifaa kinachohifadhi stima ya volti maelfu, na kinaweza kuua hata baada ya kuchomoa waya.

Kwa oveni mpya, tafuta kibandiko cha KEBS kinachowekwa kwenye bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, na uliza kituo cha kutengenezea kiko wapi. Ramtons, Von, Mika, LG, Samsung, majina ni mengi na sisi hatumpigii debe yeyote. Jina zuri bila fundi wala vipuri karibu halitakusaidia siku mashine itakaponyamaza.

Taslimu ama polepole?

Tuseme oveni ni 32,000, nawe una 8,000 mkononi. Duka linakupa mpango: lipa 8,000 leo uondoke nayo, kisha 2,900 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Inaonekana nyepesi. Ijumlishe: 2,900 mara 12 ni 34,800, ukiongeza 8,000 ni 42,800. Umelipa 10,800 zaidi, juu ya deni la 24,000. Hiyo ni asilimia 45.

Sasa geuza. Ukiiweka 2,900 hiyohiyo kwenye akiba yako kila mwezi, juu ya zile 8,000, mwezi wa tisa una 34,100. Unanunua taslimu na unabaki na 2,100 za vyombo. Ukinunua taslimu unaweza pia kuomba bei ipunguzwe. Mwenye deni hana nguvu hiyo.

Hatusemi mkopo ni mbaya kila mara. Kama oveni itaanza kukuingizia pesa wiki ya kwanza, na wateja wa keki tayari unao kwa majina, unaweza kulipa ile 10,800 na bado ukawa mbele. Lakini kama ni ya kupasha wali, subiri. Wali hauna haraka hivyo. Na mpango wowote wa kulipa polepole, uliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi: jumla nitalipa ngapi? Nikichelewa mwezi mmoja nitatozwa nini? Nikimaliza mapema nitapunguziwa?

Kabla ya kubonyeza PIN

Sasa turudi kwa zile shilingi 6,500 za mwalimu. Hakuna ujanja mgumu hapa. Kuna tabia chache tu ambazo zingezuia.

Lipa biashara kwa nambari ya till au paybill, usilipe mtu kwa nambari yake ya simu. Kisha soma jina linalotokea kwenye skrini kabla hujathibitisha. Duka linaitwa hivi, jina linasoma vile? Simama. Uliza. Jibu la "hiyo ni ya shemeji yangu, ndiye anashika pesa" halitoshi.

Oveni ya 32,000 kuuzwa 15,000 inataka maelezo. Omba picha ya video ya mashine ikiwaka, na jina lako likiwa limeandikwa kwenye karatasi kando yake. Tapeli aliyechukua picha kwenye mtandao hawezi.

Usilipe amana kwa mzigo ambao hujauona. Muuzaji wa kweli anayepeleka nyumbani atakubali ulipe ukishapokea, ama ukutane naye dukani. Ukipokea, fungua boksi, washa, pima maji ya kikombe, ndipo ulipe.

Jihadhari na pesa za pili. Mchezo wa kawaida ni huu: umeshatuma amana, kisha unapigiwa kwamba mzigo umekwama, ongeza 1,500 za usafiri. Ukiongeza, unaambiwa kuna kodi. Mtu aliyeshatuma mara moja huona uchungu kuacha, na huo uchungu ndio wanaoutumia.

Ukikosea nambari au ukishuku utapeli, wasiliana nasi hapohapo. Usingoje kesho. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea tunaweza kuzishikilia tukichunguza. Zikishatolewa kwa wakala, mkono wetu unakuwa mfupi. Na hakuna mhudumu wetu hata mmoja atakayekuomba PIN ili akurudishie pesa.

Weka ujumbe wa malipo, na juu yake chukua risiti ya duka iliyo na jina la mashine na nambari yake ya siri ya kiwandani. Ujumbe wetu unathibitisha ulilipa. Risiti ndiyo inayothibitisha ulinunua nini, na dhamana hudaiwa kwa risiti. Vipige picha vyote viwili, maana risiti za karatasi ya joto hufifia kabla ya dhamana kuisha. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012 iko upande wako bidhaa ikiwa si kama ulivyoambiwa, lakini inahitaji ushahidi.

Mwalimu aliamua nini

Baada ya wiki moja alitupigia na orodha yake. Kupasha chakula mara kumi na saba. Kuku mara moja. Na keki tatu, zote alizipika kwa jirani mwenye oveni, akimlipa kila mara, kwa sababu wazazi wa wanafunzi humwagiza keki za siku za kuzaliwa. Hapo tukaelewa kwa nini alikimbilia ile ofa. Hakuwa akitafuta anasa. Alikuwa akitafuta kuacha kubisha mlango wa jirani.

Zile 6,500 hazikurudi. Alikaa miezi saba akiweka akiba kila mwisho wa mwezi, sehemu ikitoka kwenye keki zenyewe. Fundi alimwangalizia soketi. Kisha akaenda dukani, kikombe ndani ya mkoba, akamwambia kijana wa mauzo awashe mbele yake. Kijana alicheka, lakini akawasha. Maji yakatoka moto. Akasoma jina la duka kwenye skrini, akalithibitisha kwa sauti, ndipo akabonyeza PIN.

Keki zake zimepanda bei kidogo, kwa sababu sasa anahesabu tokeni. Mteja mmoja tu ndiye aliyelalamika, na bado anaagiza. Na ile saa ya mbele? Anatuambia haijawahi kusoma saa sahihi tangu ainunue. Kila akimaliza kupika, anazima ukutani.

Kama unapanga kununua wiki hii, fanya mambo matano leo: andika unachopika, pima nafasi na treya yako, muulize mwenye nyumba na fundi, gawanya pesa za tokeni kwa yuniti ujue bei yako halisi, na ujumlishe mpango wa kulipa polepole mpaka shilingi ya mwisho. Ukiwa na swali kuhusu malipo, tupigie kabla ya kutuma.